Daftari la Mapezi

Mwisho wa Novemba, Skjervøy, jua limeshaaga
na halirudi hadi katikati ya Januari.
Saa tano asubuhi upo mwanga wa samawati
unaotosha kusomea gazeti, kwa shida,
na unaotosha kabisa kusomea pezi.

Mama alianza kuyachora nyuma ya risiti za heringi,
penseli ya kiwandani, mkono mmoja bado ndani ya glavu.
Shule hakumaliza. Alijua kupasua samaki
na alijua nani ni nani.
Pezi la mgongoni, alisema, ndilo saini:
hili lina pengo kama la mtoto aliyeng'oka jino,
hili lilichanwa na kamba, tena kamba yetu,
hili chini yake pana baka la kijivu,
tandiko ambalo mpandaji alilisahau.

Watu wa mbali humwita nyangumi muuaji.
Kwetu jina lake ni mkata-mafuta,
na dume lake hubeba mgongoni
urefu wa baba yangu Oddvar akiwa amevua buti.

Wengineo Mama alitufundisha kwa kidole
juu ya unga uliomwagika mezani.
Pomboo mdogo wa ghubani: pembetatu,
lishazama kabla hujasema "lo!"
Papa mkubwa anywaye bahari kinywa wazi:
pezi legevu, na nyuma yake ncha ya mkia,
mgeni huapa kaona papa wawili.
Beluga je? Beluga hana.
Aishiye chini ya barafu, alisema Mama,
nyumba yake dari fupi, havai kofia ndefu.

"Na ndani ya lile refu hamna mfupa."
"Hata mmoja?"
"Hata mmoja."
Baba, ambaye winchi ilimvunja mahali panne,
aliweka kikombe chini.
"Basi halivunjiki."
"Halivunjiki. Hulala tu."

Vyaelea, vimeundwa. Sawa. Lakini hili
limeundwa kwa nyuzi, kwa maji, kwa ukaidi.

Namba arobaini na moja tulimpa jina la bibi, Petra,
maana pezi lilikuwa fupi, limepinda kwa adabu
kama la mamake aliyeogelea ubavuni.
Miaka kumi na miwili, Petra.
Kisha majira yaleyale
ambayo sauti ya kaka yangu Eilert ilivunjika mezani
katikati ya neno "viazi",
pezi la Petra likaanza kupanda.
Mwaka wa kwanza tulinyamaza.
Wa pili Mama akafuta neno "jike"
akafuta hadi karatasi ikatoboka.
Jina hakuligusa.
"Bibi yenu naye alikuwa mrefu."

Eilert alikwenda Stavanger, kwenye mitambo ya mafuta.
Huja Pasaka, mara nyingine.
Petra hakwenda popote. Dume la mkata-mafuta
huzeeka mita kumi kutoka kwa mamake.
Mama aliliandika hilo daftarini, mstari mmoja,
wala hakulitaja kwenye simu ya Jumapili.

Leo yuko Tromsø, nyonga mpya, kitanda cha dirishani,
na mimi niko mashuani, injini nimeizima,
simu imebanwa kati ya kofia na sikio.
"Wamefika?"
Wamefika. Namwona kikongwe, pezi lake la adabu.
Ubavuni mwake kitu cheusi, kipana,
kimelala upande wa kushoto
kama shati lililodondoka kwenye kamba,
na maji yanapita juu yake.
Napekua mifukoni. Nyuma ya risiti ya petroli
nachora mstari wa kwanza, unakwenda juu kwa mazoea.
Naufuta kwa kidole.

"Petra amesimama?"
Nasikia pumzi zao, mbili, moja nzito.
Namwambia heringi ni wengi mwaka huu.
"Sikukuuliza heringi," anasema.